Mpingo wa vijiji vya Kilwa wenye cheti cha FSC: ubao mzuri, subira ndefu

Tuanze na ubao wenyewe, maana cheti cha FSC, baraza la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vyema, hakizibi ufa. Mpingo wa Kilwa huzama majini kwa uzito. Kiini chake ni cheusi chenye kuelekea zambarau, kimezungukwa na weupe mwembamba wa kuchongwa na kutupwa. Kasoro yake ni ya maumbile: miti mingi imejipinda, ina nyufa au uwazi katikati, na fundi wa klarineti (ala ya kupulizwa) huambulia vipande vichache katika gogo zima. Usinunue kwa sura ya nje. Omba gogo likatwe ncha zote mbili, utazame kiini. Vipande vikishapasuliwa, vipakwe nta nchani siku hiyohiyo, vikaushwe kivulini. Vikipigwa jua, ncha hutangulia kukauka, na ufa huingia ndani.

Msituni, mpango huu wa vijiji unastahili sifa. Vijiji vilivyo chini ya kundi la MCDI, shirika la uhifadhi na maendeleo ya mpingo, vilipata cheti mwaka 2009, vya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Miti huhesabiwa kabla ya shoka, na mpingo hauguswi bila kufikisha kipenyo cha sentimita 24 usawa wa kifua. Kwa mti unaochukua miaka 70 na zaidi kukomaa, hilo si ukali. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mrabaha wa msitu wa hifadhi wa kijiji huingia kijijini. Doria inalipwa na mti uliouzwa, na zahanati vilevile, hivyo mwizi wa magogo anakuwa mwizi wa zahanati.

Udhaifu ni mwendo. Ombi la kuvuna hupita kamati ya maliasili, serikali ya kijiji, kisha wilaya. Masika yakianza, lori halifiki. Agiza ili uvunaji ufanyike kiangazi.

Kagua alama rasmi iliyogongwa kwa nyundo kwenye gogo na hati ya kusafirishia, na usipakie safari ya usiku. Mwenye kiwanda cha kupasulia naye awe na cheti cha FSC cha mnyororo wa umiliki, yaani cha kufuatilia mbao toka msituni hadi kwa mnunuzi; akikosa, mpingo uleule huuzwa kama wa kawaida (wanunuzi wengi hugundua hili wakiwa wameshalipa). Magogo hayaruhusiwi kutoka nchini, na tangu 2017 mbao za mpingo zinazouzwa nje zinahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa sharti hilo mwaka 2019.

Kwa mtengeneza ala: nyota 4 kati ya 5. Kwa mchongaji wa vinyago mwenye oda ya wiki mbili: nyota 2.