Kumpiga picha bundi wa Sokoke: tathmini ya huduma ya kuongozwa msituni

Niseme kwanza nilichokilipia, maana wengi huingia msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, wakidhani wamekwisha kuinunua picha. Nilimkodi kiongozi wa ndege, mwenyeji wa kijiji kinachopakana na msitu, kwa asubuhi mbili mfululizo, nami nilimtaka ndege mmoja tu: bundi mdogo wa Sokoke, ambaye wataalamu humwita Otus ireneae. Ada ya kuingia msituni hulipwa kando, na usafiri hujitafutia mwenyewe.

Bundi huyu ana urefu wa sentimita 16 hivi, na wanasayansi walimjua kwa mara ya kwanza mwaka 1965 katika msitu huu huu wa Kilifi. Upande wa Tanzania anapatikana kwenye vilima vya chini vya Usambara Mashariki. Msitu una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, lakini yeye hupendelea vichaka vya miti ya Cynometra inayoota kwenye udongo mwekundu, na si kule kwenye miti ya mirihi (Brachystegia), ambako mchanga ni mweupe na mwanga unamtosha mpiga picha yeyote. Ndiyo sababu anayekwenda bila mwenyeji hurudi na picha za majani.

Kiongozi alianza kazi kabla yangu. Aliingia peke yake gizani, akafuatilia mlio ule mfupi unaorudiwarudiwa hadi kulipopambazuka, kisha akapekua vichaka matawi kwa matawi huku mimi nikisubiri barabarani. Saa tatu alitokea, viatu vikiwa vizito kwa udongo, akasema wapo wawili, ila mmoja amegeuza mgongo. Tuliinama, tukapita chini ya miiba, tukasimama kila alipoinua kiganja. Nilipofika nilitazama tawi alilolionyesha kwa muda mrefu bila kuona kitu, mpaka jani moja kavu lilipofumbua jicho.

Kijiti kilikatiza uso wake. Niliomba kikunjwe kidogo, kiongozi akakataa kwa sauti ya chini: "Hilo ndilo pazia lake, bwana. Ukiliondoa, leo atalala wapi?" Vilevile hakuniruhusu kutumia flashi, wala hakukubali kumchezea ndege sauti iliyorekodiwa ili ageuke. Siku ile nilinung'unika moyoni. Leo ninaihesabu kuwa sehemu bora ya huduma yote, kwa sababu ndege anayesumbuliwa mahali pake pa kulala huhama, na wageni wa wiki inayofuata hawamkuti.

Siku ya pili tulimkuta kwenye kichaka kingine, uso wazi, masikio ya manyoya yamesimama. Nilikuwa na lenzi ya milimita 400 juu ya stendi ya miguu mitatu, shata bila sauti, kasi ya moja ya thelathini ya sekunde, kwa kuwa mwanga chini ya matawi yale ni hafifu mno. Tulikaa karibu saa nzima tukingoja upepo utulie. Sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu, alipita nyuma yetu akichakura majani, nami sikuthubutu hata kugeuza shingo. Nilirudi na fremu 11, na tatu kati yake ni kali hadi kwenye vinyweleo vya mdomo.

Dosari zipo. Wakala niliyempitia aliongeza wageni wawili asubuhi ya kwanza bila kunitaarifu, na mmoja wao alivaa koti la plastiki lililochakarisha kila alipopumua; bundi alijinyoosha mwembamba kama kijiti, dalili ya kwamba amestuka, na kiongozi akatuondoa sote. Kwa hiyo zungumza na kiongozi mwenyewe, na muulize mtakuwa watu wangapi. Jua pia kwamba yeye ni mjuzi wa ndege na si wa kamera: mara mbili alisimama mbele ya lenzi yangu akinionyesha nilichokuwa ninakipiga.

Ninampa nyota nne kati ya tano. Lipia siku mbili, vaa mikono mirefu kwa ajili ya mbu, na uepuke majira ya masika, ambapo udongo ule mwekundu hunasa magari. Koti la plastiki liache hotelini.