Miaka minne ya kichwa kisichoeleweka: tathmini yangu ya kliniki moja na daftari moja

Nianze na hukumu, maana najua mwenye kichwa kinachouma hawezi kukaa sana mbele ya kioo cha simu. Kliniki ya maumivu ya kichwa niliyohudhuria naipa nyota nne kati ya tano. Daftari waliloniagiza nijaze kabla ya kuonana na daktari naipa zote tano. Nyota iliyopungua nitaieleza mbele.

Kichwa kilianza kunisumbua nikiwa na miaka 31. Mwanzoni kilikuja mara mbili au tatu kwa mwezi, panja la kulia, kikipwita sambamba na mapigo ya moyo, na kichefuchefu juu yake. Nafunga mapazia, naomba watu wapunguze sauti, nalala, kesho yake mzima. Baada ya kama mwaka na nusu kikabadili tabia. Nikawa naamka nacho. Hiki cha asubuhi hakikuwa cha kumlaza mtu. Ni uzito tu, kama nimelala na kitambaa kilichokazwa kuzunguka kichwa. Kile kikali nacho hakikuondoka, kikawa kinapanda juu ya ule uzito mara moja au mbili kwa wiki. Nyumbani waliacha kuniuliza nimeamkaje, wakawa wanauliza, "Kichwa je?" kana kwamba ni mpangaji tunayeishi naye.

Kabla ya kliniki nilizunguka sana. Nilianza na macho. Nikapewa miwani yenye nguvu ndogo, na hadi leo inanisaidia kusoma maandishi madogo, lakini kwa kichwa haikufanya lolote. Ila yule daktari wa macho alifanya jambo ambalo nilikuja kulithamini baadaye: alinitia matone, akachungulia nyuma ya jicho kuona kama neva ya jicho imevimba. Shinikizo likipanda ndani ya fuvu, mara nyingi huacha alama hapo. Langu lilikuwa safi. Ni kipimo cha dakika chache, na katika vyote nilivyofanyiwa kabla ya kliniki ndicho nisichokijutia.

Zikafuata sainasi. Kichwa kikipanda, pua upande wa kulia huziba na jicho hutoa machozi, kwa hiyo maelezo yalinikaa vizuri: ni sainasi. Nikamaliza dozi mbili za antibayotiki na dawa ya kupuliza puani. Hakuna aliyeuliza kama nina homa au makamasi mazito yenye rangi, na sikuwa navyo. Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba neva inayobeba maumivu ya uso na ya utando wa ubongo ikisisimka huamsha pia neva za pua na za machozi, ndiyo maana watu wengi wenye kipandauso (kichwa kikali cha kurudiarudia, kwa Kiingereza migraine) hutibiwa sainasi miaka na miaka.

Halafu picha za ndani ya kichwa. Nilipigwa CT, na miezi mingine mbele hospitali nyingine ikanitaka nifanye MRI. Mashine inagonga kama mafundi wanabomoa ukuta pembeni ya sikio, nawe hutakiwi kutikisika. Majibu yalisema ubongo uko sawa, isipokuwa "vidoa vyeupe viwili visivyo na maana mahususi". Aliyenikabidhi karatasi hakueleza neno. Wiki tatu nililala na vile vidoa. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nani atabaki na watoto. Kumbe vidoa vya namna hiyo ni kawaida kwa watu wenye kipandauso, na hata kwa wasioumwa chochote. Ningeambiwa sentensi hiyo moja pale dirishani ningelala.

Na yupo daktari aliyeishika ile karatasi, akaiangalia, akaniangalia, akasema, "Dada, picha ni nzuri. Hii ni mawazo tu." Nilitoka nikilia, na si kwa furaha ya picha nzuri. Nimekuja kuelewa kwamba picha huonyesha umbo. Uvimbe utauona, damu iliyovuja utaiona. Kipandauso ni hitilafu ya utendaji. Umbo linaweza kuwa halina kasoro na mtu akawa anaumwa kweli kweli.

Muda wote huo nilikuwa nameza vidonge. Sikuvihesabu kuwa sehemu ya habari. Ni vile vya dukani, visivyohitaji cheti, vyenye mchanganyiko wa parasetamoli, aspirini na kafeini. Viwili asubuhi, nikaweza kwenda kazini.

Sasa kliniki. Barua ya kunipa nafasi ilikuja na karatasi ya maelekezo: nijaze daftari kwa wiki nane, kila siku, hata siku ambayo hakiumi. Nilikasirika. Nimeshatoa damu, nimeshapigwa picha mara mbili, halafu nyie mnaniletea kazi ya shule? Vitu vya kujaza vilikuwa vichache mno kuonekana vya maana: kimeuma au hakijauma, ukali kwa namba kutoka 0 hadi 10, upande gani, saa ngapi, kichefuchefu, mwanga, usingizi, hedhi, na dawa niliyomeza siku hiyo, jina na idadi. Nilijaribu programu ya simu nikaiacha baada ya siku nne, kwa sababu siku ya kichwa kikali mwanga wa simu ndio adui wa kwanza. Nikachukua daftari la kawaida, nikachora mistari, nikalifunga kalamu kwa uzi na kuliweka karibu na mto.

Wiki ya tatu nikaanza kuona kitu nisichokipenda. Safu ya dawa ilikuwa imejaa kuliko safu ya maumivu makali. Zilikuwapo siku ambazo kichwa nilikipa namba 2 nikameza tu, kwa woga kwamba kikifika 7 nitakwama kazini. Mwisho wa wiki nane, siku 56, nilijumlisha mwenyewe jikoni: siku 47 za kichwa, siku 41 za vidonge. Nilirudia kuhesabu nikidhani nimekosea.

Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu alikaa nami karibu saa nzima. Alianza na daftari, si na bahasha ya picha. Kisha akanipima: fuata kidole kwa macho, kenua meno, sukuma mkono wangu, tembea kwa kisigino na ncha ya kidole kama uko juu ya kamba, nyundo ya mpira magotini, akabonyeza misuli ya shingo na taya. Akauliza pia mambo ambayo kwa miaka minne hakuna aliyewahi kuyagusa. Nakoroma? Kuna mwingine nyumbani anayeumwa kichwa asubuhi? Swali hilo la pili lilinishangaza, akanieleza kwamba wakiumwa wengi pamoja humfanya afikirie moshi wa mkaa au wa jenereta ndani ya nyumba, ile hewa ya monoksidi ya kaboni isiyo na harufu.

Halafu akauliza kama huwa naona vitu kabla ya kichwa. Nikamwambia ndiyo, mara chache naona mstari uliovunjikavunjika unaometameta pembeni, unatanuka kama nusu saa halafu unafifia. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilidhani ni uchovu wa macho. Aliweka kalamu chini. "Unatumia vidonge vya uzazi wa mpango?" Nilikuwa natumia vile vyenye homoni mbili, mojawapo estrojeni. Akanieleza kwamba kipandauso chenye dalili hizo za macho huongeza kidogo hatari ya kiharusi, na homoni ya estrojeni huiongeza zaidi, kwa hiyo nikazungumze na wahudumu wa uzazi wa mpango wanibadilishie njia. Nilibadilisha wiki hiyo hiyo. Kwangu mimi, hata kama kliniki isingenitibu kichwa, swali hilo lingetosha kulipia safari.

Jibu lenyewe lilikuja bila mbwembwe. Nina kipandauso, na juu yake kuna kichwa kinacholetwa na dawa za kutuliza kichwa. Akageuza daftari upande wangu, akaweka kidole kwenye safu ya vidonge. Kwa mtu mwenye tatizo kama langu, parasetamoli au ibuprofeni peke yake ikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, inaweza kugeuka chanzo. Kwa vidonge vya mchanganyiko kama vyangu kiwango ni siku 10. Mimi nilikuwa kwenye 22 hivi. Kinachohesabiwa ni siku. Idadi ya vidonge si hoja, hata kidonge kimoja ni siku. Akasema ubongo wenye kipandauso ukizoea dawa kila siku huanza kudai asubuhi kile ulichopewa jana, na kafeini iliyomo kwenye vidonge huzidisha madai hayo.

Nilimuuliza, kwa hiyo nimejiletea mwenyewe? Akajibu, "Hapana. Uliumwa, ukatafuta nafuu, hakuna aliyekuonya." Nilihitaji kusikia hivyo kuliko nilivyojua.

Matibabu yalikuwa mawili kwa pamoja. Kwanza kuacha vile vidonge, moja kwa moja. (Kwangu iliwezekana kwa sababu ni vya kawaida. Wanaotumia dawa zenye asili ya afyuni au dawa za usingizi alisema hao hawaachishwi ghafla, wanapunguziwa chini ya uangalizi.) Pili, dawa ya kinga ya kila usiku. Propranolo ilitajwa ikaachwa kwa kuwa nina pumu, nikaanzishiwa amitriptilini miligramu 10. Alinionya kwamba ni dawa ya zamani ya sonona, na nikiisoma karatasi yake nisidhani ameungana na yule wa "mawazo tu". Kwa dozi ndogo hutumika kupunguza maumivu.

Siku za kuacha sitazipamba. Zilikuwa tisa. Siku ya pili na ya tatu kichwa kilifika 9, nikatapika, mikono ikawa inatetemeka, usingizi hakuna. Nililala sakafuni bafuni kwa sababu vigae vilikuwa vya baridi. Siku ya tano nilitoa pakiti kwenye mkoba wa mume wangu, nikaishika muda mrefu, nikairudisha. Siku ya kumi niliamka nikakaa kitandani kama mtu aliyesahau kitu. Ule uzito wa asubuhi haukuwepo. Nilisubiri uje hadi saa nne.

Hapa ndipo nyota moja ilipokatika. Kliniki ilinipa kipeperushi na tarehe ya kurudi baada ya wiki nane, basi. Hakuna namba ya simu ya muuguzi, hakuna wa kumuuliza kama kutapika mara nne ni kawaida au niende hospitali. Ukimwambia mtu aache dawa, uwe karibu naye wiki hiyo. Na kusubiri nafasi kulichukua miezi mitano, miezi ambayo niliendelea kumeza. Ile karatasi ya daftari wangeweza kunitumia siku ya kwanza, ingeokoa miezi mitatu.

Amitriptilini nayo si asali. Kinywa kinakauka, asubuhi za mwanzo nilikuwa mzito kama niliyelala kwenye basi, na uzito umeongezeka kilo mbili. Haikuonyesha chochote hadi kama wiki ya sita. Wengi huiacha kabla ya hapo wakisema haifanyi kazi, na mimi nilikuwa karibu kuwa mmoja wao. Kwa kile kikali sasa nina sumatriptani, dawa ya kukatiza kipandauso, nimeze mapema maumivu yanapoanza na si baada ya kuvumilia, na dawa yoyote ya kutuliza isizidi siku mbili kwa wiki. Ziko dawa mpya zaidi za sindano za kuzuia protini iitwayo CGRP, inayochochea kipandauso. Daktari alizitaja, akasema tutaziongelea hizi za zamani zikishindwa.

Huduma hii haimfai kila mtu. Kichwa kilichokulipukia ghafla na kufika kilele ndani ya dakika, au kilichokuja na homa na shingo kukaza, udhaifu wa upande mmoja, kuchanganyikiwa, kupoteza kuona, au kinachoanza baada ya kuanguka, hakisubiri daftari wala miadi. Hicho ni cha kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo mtu aliyevuka miaka 50 ambaye hajawahi kuumwa kichwa na sasa kimeanza, hasa kama panja likiguswa linauma au taya huchoka akitafuna, awahi kwa daktari bila kungoja wiki nane, kwani kuna ugonjwa wa mishipa ya damu unaoweza kumpofusha.

Mwezi uliopita, wa tano tangu niache, daftari linaonyesha siku nane za kichwa, tano kati yake kali, na siku sita za dawa. Sijapona, na daktari hakuniahidi kupona. Safu ya "hakijauma" nilikuwa nimeichora nyembamba mwaka jana, nikiona itakaa tupu. Kwenye daftari jipya nimelazimika kuipanua.