Fundi polishi aliyetaka nimlete "baba mwenye gari"

Bado nina hasira, mtanivumilia. Miezi kadhaa imepita tangu nipeleke gari yangu kwa fundi polishi mmoja hapa Moshi, pande za Majengo. Ni IST nyeusi, na gari nyeusi haifichi kitu. Njia ya kwetu Kibosho ni nyembamba. Ukipishana na pikapu ya ndizi lazima uingie kwenye michongoma, nayo ilikuwa imechora ubavu mzima. Ukipitisha ukucha, mikwaruzo karibu yote haikukamata, yaani iliishia kwenye kliya, ile ngozi ya juu isiyo na rangi. Hiyo polishi huitoa. Mmoja tu, mlango wa nyuma kushoto, ukucha ulikwama. Nilimwonyesha kwa kidole: huu usiukazanie. Akajibu, "Usijali mama." Tukaelewana 80,000, nikatanguliza 50,000.

Jioni nakuta boneti inang'aa, unajiona mpaka kope. Nikafurahi sana. Nikazunguka kushoto, na pale bati la mlango linapopinda nikaona weupe. Praima, ile ya msingi inayokaa chini ya rangi yenyewe! Ameukazania ule ule mkwaruzo, msasa wa maji kisha mashine, hadi kliya ikaisha na rangi ikaisha. Polishi haiongezi kitu, inakula. Kwenye mikunjo rangi ni nyembamba na moto wa mashine unapanda haraka, ndiyo maana fundi makini hubandika tepu ya karatasi kwanza. Yeye hakubandika.

Hata hilo ningelimeza. Nikamwita kwa upole aone. Mlango hakuutazama. Alinitazama mimi, akafuta mikono, akasema mbele ya vijana wake: "Mama, mambo ya gari huyawezi. Kamlete baba mwenye gari tuongee naye."

Baba mwenye gari! Kadi ina jina langu. Mafuta naweka mimi, bima nalipa mimi. Na yule kijana wa ndoo, aliyeniamkia shikamoo asubuhi, akacheka. Nikauliza tena, huu mlango nani ataulipia? Eti gari ya zamani, rangi ilishachoka yenyewe. Mbona boneti haikuchoka?

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba msimpelekee hata baiskeli. Nimefuta, kwa sababu haki ni haki. Gari imeoshwa mara nyingi tangu siku ile na ile mikwaruzo mingine haijarudi. Wapo wanaoiziba kwa waksi tu, sabuni ikipita mara chache mistari yote inajitokeza upya. Huyu aliitoa kweli, na hata kwenye jua kali la saa saba huoni zile duara duara zinazoachwa na mashine. Kazi anaijua. Ndicho kinachoniuma zaidi, maana asiyejua ningemsamehe.

Fundi rangi mmoja wa Arusha, kule Kijenge, ameniambia mlango upakwe mzima, kiraka kitaonekana. Sasa yule wa Majengo akinipigia leo akasema, "Mama, lete gari niupake," kesho asubuhi nipo kwake, na nyie nitawaambia mwende. Ila nikikumbuka kile kicheko, hapana, msiende kwanza. Na akianza tena habari za baba, ile 30,000 iliyobaki kwangu aisahau.