Mizani ya mkono iliyomaliza tatizo la risasi zangu

Kwa miezi mitatu niliisumbua bunduki isiyo na kosa. Ni .308 Winchester ya komeo, yaani kila risasi unaiingiza kwa kuvuta komeo kwa mkono, na risasi najaza mwenyewe: napima baruti, naitia kwenye ganda, kisha naweka kichwa juu yake. Kwenye mita 100 matundu yalikaa pamoja, kama sentimita 3 tu. Nikirudi mita 300 yanapangana wima kama vifungo vya shati, sentimita 15 toka la juu hadi la chini, ilhali upana wake hauzidi 6.

Nilisugua mtutu mpaka kitambaa kikaacha kutoka na ile rangi ya kibuluu ya shaba. Nikakaza skrubu za darubini, na zile zinazoshika chuma kwenye kitako. Nikaacha mtutu upoe kila baada ya risasi chache. Wapi! Nilipojaribu pakiti moja ya risasi za kiwandani, siku ileile na umbali uleule, zikakusanyika vizuri kabisa. Basi bunduki nzima, kosa liko mezani kwangu. Jaribio hilo ndilo ningepaswa kuanza nalo, na ndilo ninalomwambia kila anayeniuliza.

Matundu yakipangana wima kwa mbali, mshukiwa wa kwanza ni mwendo wa risasi. Kwenye mita 100 tofauti ya mwendo karibu haionekani, lakini kufika 300 ile ya polepole imeshashuka. Kipima mwendo kilinionyesha tofauti ya mita 25 kwa sekunde ndani ya boksi moja. Nikageukia mizani yangu ya dijitali. Nilichukua jiwe la mizani la gramu 20, ambalo ni greni 308.6 (greni ni kipimo kidogo cha uzito kinachotumika kupimia baruti). Mizani ilipowashwa ilisoma sawasawa. Nikajaza kama kawaida kwa dakika arobaini, nikaliweka tena: 307.7. Yaani mizani ilikuwa ikipunguza hesabu, nami nikizidisha baruti bila kujua, karibu greni nzima. Nilishtuka kwelikweli. Anayejaza karibu na kiwango cha juu cha baruti kwenye mwongozo wa kujaza risasi, greni moja ya ziada inaweza kumletea madhara makubwa. Risasi 37 zilizobaki nilizifungua zote kwa nyundo ya kung'olea vichwa, sikubakiza hata moja.

Ndipo nikanunua mizani ya mkono, ile ya kizamani yenye mkono mrefu unaopanda na kushuka na vizito vya kusogeza juu yake. Haina betri wala haijali joto la chumba. Makali ya mkono wake yanakaa juu ya vito vya akiki, na kipande cha shaba kinachopita kati ya sumaku huutuliza mkono usicheze muda mrefu. Ukidondosha chembe mbili tatu za baruti kwenye kisahani, unaiona ncha ikipanda taratibu. Hapo ndipo nilipoanza kuiamini.

Kasoro zipo. Ni ya polepole: risasi 50 zinanila saa moja na nusu. Ncha lazima uitazame jicho likiwa usawa wake, maana ukiitazama toka juu unasoma uongo, kwa hiyo nimeipandisha juu ya kijirafu. Feni na dirisha nafunga, na meza isipokaa sawa lazima usawazishe sifuri upya. Mwongozo wake hauelezi vizuri jambo hilo la usawa, na kwa hilo naikata nyota moja. Nne kati ya tano.

Nilijaza 20 kwa mizani hii bila kubadilisha kitu kingine chochote: baruti ileile, fataki zilezile za kuwashia baruti, kina kilekile cha kichwa ndani ya ganda. Tofauti ya mwendo ikashuka hadi mita 11 kwa sekunde, na kwenye mita 300 matundu yakaingia ndani ya sentimita 8. Lile jiwe la gramu 20 sasa halitoki mezani. Naliweka kwenye kisahani kabla ya kuanza, na tena kila baada ya risasi kumi.