Ukinunua pampu ya majitaka, pima floti kwanza

Mwezi wa nne mwaka jana, mvua ikiwa siku ya tatu, maji ya bafuni yalianza kurudi juu. Nyumba yetu hapa Tabata iko bondeni. Chemba kubwa iko juu, kando ya barabara, gari la kunyonya linapoweza kufika, kwa hiyo maji ya ndani hushukia kwanza kwenye shimo dogo nyuma ya jiko, kisha pampu huyapandisha. Pampu yenyewe ilikuwa na miezi minne tu.

Fundi alipoivuta kwa kamba ikaja na harufu ya waya ulioungua. Floti, lile boya linalowasha na kuzima, ilikuwa imenasa nyuma ya bomba, imeelekea juu kana kwamba shimo limejaa. Pampu hizi hupozwa na maji yanayozizunguka. Yangu iliyamaliza maji, ikaendelea kuzunguka kavu hadi mota ikafa.

Dukani niliulizwa HP ngapi, yaani nguvu ya mota, basi. Kuhusu floti, hakuna aliyefungua mdomo.

Sasa sikilizeni. Chukua futi, pima waya wa floti kuanzia pale unapobanwa kwenye pampu hadi ncha ya boya. Boya lazima lipande na kushuka kwa urefu huo bila kugusa ukuta, bomba wala kamba. Mashimo yetu mengi ni ya kalvati nyembamba, na fundi akiona hapatoshi anaufupisha waya. Hapo pampu itawaka na kuzima kila dakika, nayo ni njia nyingine ya kuichoma. Zipo zenye floti ya kusimama wima kwa mashimo finyu, kama Grundfos Unilift KP-AV, ila hiyo hupitisha uchafu wa milimita 10 tu. Maji ya kufulia sawa, choo hapana. Kama shimo ni jembamba na lina maji ya choo, nunua pampu isiyo na floti, kisha mwambie fundi umeme afunge floti ya pembeni kwenye nguzo yake.

Namba moja kwangu ni Pedrollo VXm, na sioni haya kusema naipendelea. Chagua yenye /50 kwenye jina, inapitisha taka hadi milimita 50. Impela yake, ile feni inayosukuma maji, imekaa pembeni ya njia ya maji, hivyo matambara hayaizingii kirahisi. Fundi wangu anaijua, na sili zake, zile za kuzuia maji yasiingie kwenye mota, nimezipata bila kuagiza.

Ya pili DAB Feka VS, nayo milimita 50. Msichanganye na Feka 600, hiyo ni 25.

Ya tatu Grundfos Unilift AP50. Namba ndiyo ukubwa wa uchafu: AP12, AP35, AP50. Pampu nzuri sana, lakini nilipotajiwa bei nilishukuru nikaondoka.

Za bei poa zisizo na jina? Kutoa maji ya mvua sebuleni, sawa.

Kufunga: ikalishe juu ya tofali isinyonye tope, ishushe kwa kamba au mnyororo na kamwe usiishushe kwa waya wa umeme, weka valvu ya kuzuia maji yasirudi, na umeme upite kwenye breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Na mtu asishuke ndani ya chemba hata kama ni "dakika moja tu". Gesi ya mle inaua.

Kilichonichosha zaidi ni wauzaji. Unaomba boksi lifunguliwe upime waya, unaambiwa "mama, likifunguliwa umenunua". Nilipoirudisha ile iliyoungua, nikaonyeshwa mwandiko mdogo chini ya risiti: mali ikiuzwa hairudishwi. Nikampeleka shemeji yangu duka lile lile aulizie pampu ile ile, akapewa bei ya chini kuliko yangu na soda juu.

Wiki iliyopita nilipita tena. Kijana alikuwa anamuuzia mzee mmoja "pampu ya choo". Nikainama kusoma kibandiko ubavuni: milimita 10. Nikamwambia mzee. Yule kijana sasa akiniona anaita mteja wa nyuma yangu.