iNaturalist kwa anayetafuta nondo wa mabwawa ya Malagarasi

Kwa mkazi wa Kigoma anayetaka kutambua nondo (wadudu jamaa ya vipepeo) wasiojulikana sana wa ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, programu ya iNaturalist, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2008 na inayotumika bila malipo, inafaa sana, ila jina linalopendekezwa na mashine lisichukuliwe kuwa hukumu. Programu hulinganisha picha yako na zilizokwishatambuliwa; kwa kipepeo mkubwa mwenye madoa ya wazi, mara nyingi hiyo inatosha.

Nondo wa matete ni suala jingine. Mtazame Maliarpha separatella, ambaye kiwavi wake hutoboa mabua ya mpunga: bawa la mbele ni la manjano hafifu kama nyasi kavu, lina mstari wa hudhurungi ukingoni, na bawa la nyuma ni jeupe. Jamaa zake wanafanana naye mno, hata wataalamu hulazimika kuchunguza viungo vya uzazi kwa hadubini, jambo ambalo picha ya simu haiwezi kulionyesha.

Kwa maoni yangu, thamani kubwa ya programu hii imo katika sehemu ya maelezo, ambayo wengi huiacha wazi. Eneo hili, lililokuwa la kwanza Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 32,500, na ndani yake mna mafunjo, matete, maziwa, mbuga zinazofurika kwa msimu na misitu ya miombo. Kuandika "Malagarasi" pekee hakumsaidii mtu. Andika mmea aliotua nondo, kama palikuwa na maji, saa, aina ya taa na kama mwezi ulikuwa angani, kwa kuwa usiku wa mbalamwezi wadudu wachache huja kwenye shuka jeupe linalotundikwa karibu na taa ili kuwavuta. (Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi ndio watakaolijaza.)

Kumbukumbu huhifadhiwa kwenye simu hata pasipo mtandao, hivyo unaweza kuzipakia ukifika Uvinza. Kasoro ni kwamba watu wawili wakikubaliana kuhusu spishi, rekodi yenye picha, tarehe na mahali hupanda hadi "kiwango cha utafiti" (Research Grade), yaani huhesabiwa kuwa inafaa kutumiwa na watafiti, hata kama wote wawili wamefuata pendekezo lile lile la mashine. Naipa nyota nne kati ya tano. Anayehitaji jina la uhakika la nondo wa aina hii hana budi kukusanya kielelezo chenyewe, kwa kibali, na kukifikisha kwa mtaalamu.