Unanunua injini ya kupandikiza kwenye gari la zamani? Anza na nyaya

Malalamiko ninayoyapata kuhusu kubadilisha injini yanafanana mno. Mtu kanunua injini nzuri, fundi kaishusha ikakaa sawasawa kwenye mauntingi (vishikio vyake), gia boksi imefungwa, rejeta imejaa maji, halafu gari haliwaki. Linaanza kuhamishwa kwa kuvutwa kutoka kwa fundi huyu kwenda kwa yule, na kila mmoja anasema injini ni nzima. Ni kweli ni nzima. Kilichokufa ni fungu la nyaya, lililokatwa kwa kisu siku injini ilipong'olewa kwenye gari lake la kwanza.

Ndiyo maana sitazungumzia sana nguvu za farasi wala kilomita. Kilomita za injini iliyolazwa sakafuni huwezi kuzithibitisha, maana dashibodi iliyozihesabu haipo tena. Kompresheni ipimwe, kifuniko cha oili kifunguliwe, hayo fundi yeyote anayajua. Mimi nataka uinamie nyaya.

Shika soketi ya injekta (kinyunyizio cha mafuta) ya kwanza, fuata waya wake hadi mwisho. Fungu zima linatakiwa kuishia kwenye soketi pana za plastiki zinazoingia kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Ukikuta linaishia kwenye nyuzi za shaba zilizochomoza, muuzaji atakwambia fundi wako ataunga. Kuunga ataunga. Lakini waya wa sensa ya kranki (shafti kuu ya injini) kwenye injini nyingi umevikwa ganda la chuma linalozuia kelele za umeme kutoka kwenye koili na alteneta. Fundi akiunga waya na kuliacha ganda limekatika, gari linaweza kuwaka vizuri, likasimama linanguruma bila shida, kisha likipanda mizunguko linaanza kukatakata. Hapo utabadilisha plagi, utabadilisha koili, utabadilisha hadi pampu ya mafuta, na ubovu wenyewe uko kwenye kiungo kifupi kuliko kidole, chini ya utepe mweusi.

Kuchomelea kwa risasi nako kuna hila yake. Risasi iliyoyeyuka hupanda ndani ya waya na kuufanya mgumu, na mtetemo wa injini huukata pale ugumu unapoishia. Viungo vya kubana kwa koleo maalumu, vikafunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto, hudumu zaidi. Na usisahau waya nene wa asi (wa kurudisha umeme kwenye betri) kutoka kwenye bloku kwenda kwenye bodi. Ukiachwa, umeme wa starta hutafuta njia nyingine, na njia hiyo mara nyingi ni kebo ya eksileta au ya gia. Kebo ikianza kupata moto unapowasha gari, sababu ndiyo hiyo.

Sasa nipange chaguo kwa kuanzia na lile ninaloliamini.

La kwanza: gari zima la kuchinja, yaani la kung'oa vipuri, au nusu yake ya mbele. Hapa unapata injini, gia boksi, nyaya zote, kontroli boksi, ufunguo, pedali, hata mabano madogo yasiyouzwa peke yake. Bora zaidi, unaweza kuiwasha ikiwa bado mahali pake. Pedali naitaja kwa makusudi: tangu kebo ya eksileta ilipoondolewa kwenye magari mengi, pedali imekuwa sehemu ya injini. Ya elektroniki kwa kawaida ina nyaya sita, na ya gari jingine inaweza kutoa ishara ambazo kontroli boksi yako haizikubali. Ufunguo nao ni hivyo hivyo. Kama gari lilikuwa na immobilaiza (mfumo wa kuzuia wizi), kontroli boksi isiyo na ufunguo wake na kisomeo chake itagoma kuwasha injini, au itaiwasha na kuizima papo hapo.

Na iwe Toyota. Naipendelea na sifichi. Injini zake ziliwekwa kwenye magari mengi tofauti, kwa hiyo ramani za nyaya zinajulikana na sensa zinapatikana. 2JZ-GE, silinda sita za mstari, cc 2,997, ilikaa kwenye Crown, Aristo na Lexus IS 300. Fundi aliyewahi kuifunga mara moja anaikumbuka. 1UZ-FE, V8 ya cc 3,968 iliyoanza na Lexus LS 400 mwaka 1989, ina bloku ya alumini, na matoleo yake ya mwanzo yanatumia kebo ya eksileta. Kwa gari dogo, 4A-FE na 5A-FE ni rahisi kuzielewa kuliko injini yoyote ya ukubwa wao niijuayo. Kwenye zote hizi, isome lebo ya kontroli boksi: ya injini ya Toyota huwa na namba inayoanza na 89661. Hakikisha inaendana na aina ya gia pia. Kontroli boksi ya otomatiki mara nyingi inaendesha na gia boksi yenyewe. Ukiiweka kwenye gia za mkono itatafuta solenoidi (valvu za umeme za gia boksi) ambazo hazipo.

Mwenye pikapu au gari la njia mbaya nina neno lake pekee: dizeli yenye pampu ya kimekanika. Toyota 3L (ni jina la injini, si lita tatu) ya cc 2,779 au 1HZ ya cc 4,164 haihitaji kompyuta ili kuwaka. Unaipa umeme wa solenoidi ya kukata mafuta, plagi za kupasha joto, starta na alteneta, basi. Kwa mtu anayechukia kuhangaika na nyaya kama mimi, hii ndiyo injini.

La pili: Honda za familia ya K, yaani K20 na K24. Ni imara, zina cheni badala ya belti, na zipo kontroli boksi za kupangwa upya zinazoondoa kabisa tatizo la immobilaiza. Ila kama Honda yako ya zamani ilikuja na injini ya familia ya B au D, jua kwamba hizo zinazunguka kinyume na K. Mauntingi, gia boksi na shafti za magurudumu vyote vinabadilika, na hapo bajeti inavimba.

La tatu: LS za General Motors, zilizoanza mwaka 1997 na LS1 ya lita 5.7 kwenye Chevrolet Corvette. Fungu jipya la nyaya unaweza kuagiza likiwa kamili, jambo ninalolipenda sana. Mtego wake ni gurudumu la ishara kwenye kranki: za mwanzo zinatoa ishara 24 kwa mzunguko, za baadaye 58. Kontroli boksi ya hizi haisomi za zile.

Injini tupu ya bei ya chini inafaa tu kama jina lake (kama 4A-FE) ni lilelile la injini iliyomo kwenye gari lako, maana nyaya zako za zamani unazo. Injini za petroli zinazonyunyiza moja kwa moja ndani ya silinda, D-4 au GDI, usinunue kwa kuvutwa na bei.

Wauzaji ndio wanaonikera. Kuchomoa soketi kunahitaji dakika chache tu na vidole vyenye subira, lakini wanakata kwa sababu ni haraka, kisha kontroli boksi inawekwa kwenye rafu nyingine na kuuzwa kama bidhaa ya pili. Mnunuzi analipia mara mbili kitu kilichofika kikiwa kimoja. Halafu wanatoa garantii ya injini "kuwaka", na ukirudi kulalamika unaulizwa kontroli boksi yako iko wapi. Dai risiti yenye namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, namba ya kontroli boksi, na maneno "nyaya hazijakatwa". Namba ya injini utaihitaji pia pale unaposajili mabadiliko kwenye hati za gari. Muuzaji akikataa kuyaandika hayo, mwachie injini yake. Hizi Toyota zilitengenezwa kwa wingi, utapata nyingine yenye soketi zake zote.